Fimbo Niliyoinyoosha

Katika fimbo zote zinazobebwa kwenye mfuko wa gofu, ile ya kusukumia mpira shimoni ndiyo nyonge kwa sura. Zile za kupigia mbali zina vichwa vinono na mipini mirefu. Hii ni fupi, uso wake umesimama karibu wima kama ukuta, na haiombi nguvu hata kidogo. Mara ya kwanza niliposhika moja nilidhani ni ya mtoto. Fundi niliyekuja kumsaidia alicheka mpaka akaweka tupa chini.

"Karani," akaniambia, "zile nyingine ni za kuonyesha watu. Hii ndiyo inayomnyima mzungu usingizi."

Aliniita Karani tangu siku hiyo, kwa sababu nilifika pale na kalamu mfukoni. Nilikuwa nimetoka magharibi mwa nchi, kidato cha pili nimekiacha katikati baba alipofariki, na Nairobi ya miaka ile haikutaka kujua ulisoma nini. Ilikuwa Hali ya Hatari. Mtu mweusi asiye na karatasi ya kazi alikuwa kama amejificha hata akiwa amesimama juani. Klabu moja ya gofu upande wa magharibi wa mji ilitaka mtu wa kuandika vibandiko vya fimbo zinazoletwa kutengenezwa: ya nani, ina shida gani, inatakiwa siku gani. Nikapata karatasi. Nilipanga chumba Kangemi, na kila asubuhi nilishuka na kupanda mabonde ya kahawa kwa miguu mpaka karakana, viatu nimevishika mkononi visilowe umande kabla sijaonekana navyo.

Karakana ilikuwa chumba kimoja cha mawe nyuma ya duka la klabu. Mbele alikaa msimamizi, mzungu mwembamba aliyeuza mipira na kuwafundisha wanachama kucheza. Nyuma tulikuwa wawili, mimi na fundi. Alikuwa Mkamba wa kama miaka hamsini, mtoto wa mchonga vinyago, na alikuwa amekaa kwenye jiliwa, kile chuma cha mezani cha kubania kazi, tangu mipini yote ilipokuwa ya mbao. Mipini ya chuma ilipokuja aliipokea kama mtu anavyompokea mkwe asiyempenda. Alisema chuma hakikwambii kitu. Ukigonga mpira kwa mpini wa mbao, habari hupanda mpaka kwenye viganja, ukajua umegusa kisigino cha fimbo au kidole chake, yaani ncha ya mbele ya kichwa, au katikati kabisa, mahali ambapo hakuna habari yoyote, ni utulivu tu. Utulivu huo ndio aliokuwa akiutafuta katika kila fimbo iliyopita mikononi mwake.

Hatukuruhusiwa kukanyaga grini, yale majani yaliyokatwa mpaka yakawa kama zulia kuzunguka shimo, isipokuwa ukiwa na ufagio wa kupangusia umande au mashine ya kukatia. Kwa hiyo fundi alikuwa ametengeneza grini yake. Chini ya upenu, nyuma ya karakana, alitandaza mchanga uliolowekwa mafuta machafu ya gari, akaushindilia kwa pipa, kama wanavyofanya kwenye viwanja vya mbali visivyo na maji ya kukuzia nyasi. Ulikuwa ukanda wa hatua kumi na mbili, mweusi, laini, na mwisho wake kulikuwa na kopo lililozikwa. Kila fimbo iliyotoka mikononi mwake ilipita pale kwanza. Alisukuma mpira, akainamisha kichwa. Kama uso wa fimbo ulikuwa umelala kupita kiasi, mpira uliruka kidogo kabla ya kuanza kutembea, naye alisikia ule mruko. Mimi sikuusikia kamwe. Nilijifunza kutikisa kichwa anapotikisa.

Ilinichukua muda kuelewa kwa nini alisikiliza sana. Asubuhi moja yenye ukungu alifika kabla yangu, nikamkuta ameshika kofia mkononi, akilisalimia kwa heshima koti la mvua la msimamizi lililotundikwa kwenye msumari. Alimaliza salamu, akangoja. Koti halikujibu. Aliposikia viatu vyangu mlangoni alivaa kofia taratibu na kusema mzungu yule ameamka vibaya leo. Nikasema ndiyo, ameamka vibaya. Tukaanza kazi.

Baada ya hapo hakunificha tena, ila hatukulitaja. Alikuwa akininyooshea mpini na kusema, "Nisomee huu." Nafumba jicho moja, natazama kutoka juu mpaka kichwani kama mtu anayelenga ndege, namwambia umenyooka, au umeinama kushoto. Anaurudisha kwenye jiliwa. Kazi ikatoka safi vile vile. Wanachama hawakujua kwamba macho ya karakana ile yalikuwa yangu na mikono ilikuwa yake.

Jumamosi moja tulishuka mjini, Mtaa wa Bazaar, ambako Mhindi mmoja aliuza miwani ya mitumba kwenye trei pamoja na vijiko na vitasa. Fundi alijaribu moja baada ya nyingine mpaka mwenye duka akavuta kiti akaketi.

"Hii je, mzee? Unaniona?"

"Naona shati. Uso bado."

"Basi umeona kilicho kizuri," Mhindi akasema, na sote tukacheka, hata mke wake aliyekuwa akipima kitambaa upande wa pili.

Hakuna iliyosaidia. Ukungu ulikuwa ndani ya jicho lenyewe, na hospitali walikuwa wamemwambia arudi, na aliporudi walimwambia arudi tena. Tulipotoka dukani alisimama kando ya njia, watu wakitupita na vikapu vyao, akaniambia jambo moja bila kunigeukia.

"Kwetu kipofu hukalishwa karibu na mlango, aletewe uji. Hapa bado mimi ni fundi. Siku watakayojua, Karani, nitaanza kuletewa uji."

Niliapa moyoni hawatajua kupitia kwangu. Naandika hivi ili ieleweke kwamba niliapa kwa dhati.

Kulikuwa na mwanachama mmoja, mzee wa Kizungu aliyekuwa mpima ardhi kabla ya kustaafu. Mkono wake wa kushoto ulivunjika vitani ujanani ukaungwa vibaya. Aliuweka mfukoni muda mwingi, akasalimia kwa wa kulia. Fimbo yake ya kusukumia ilikuwa na kichwa cha mbao, uso umepigiliwa bamba la shaba, na mpini mweusi kwa jasho la miaka. Sasa shingo yake ilikuwa imeanza kupasuka. Mzee alitaka atengenezewe nyingine iliyo sawasawa na ile kabla haijafa. Lakini hakutaka kuiacha. Alikubali fundi akae nayo asubuhi moja tu, yeye akinywa chai barazani, kisha aondoke nayo.

Asubuhi ile fundi hakufanya kazi nyingine. Alifumba macho, nadhani kwa mazoea, akaipapasa fimbo kutoka mshiko wa ngozi mpaka unyayo, tena na tena. Aliilaza juu ya kidole kimoja mpaka ikasimama sawa kwa uzito wake. Aligusa shimo dogo ambalo dole gumba la mzee lilikuwa limelichimba kwenye ngozi, akaweka dole lake humo. Kisha akatoka upenuni na kusukuma mipira mpaka chai ya mzee ikaisha. Aliporudi aliniuliza mimi nimeona nini.

Nikamwambia nilichoona. Fimbo kuukuu. Mpini umepinda kidogo chini ya mshiko, kuelekea kushoto. Unyayo umeliwa upande mmoja, ukiiweka chini kidole chake kinaangalia juu.

"Mm," akasema.

Nilichukua ile "mm" kuwa ni ya mtu anayekubali kwamba uzee umeharibu kitu kizuri.

Alifanya kazi hiyo kwa wiki mbili, katikati ya kazi nyingine. Kichwa alichonga kwa mzeituni mwitu, mti mgumu unaonukia ukipata moto wa msasa. Alitoboa mgongo wake na kumimina risasi iliyoyeyuka, akapima uzito kwa kiganja, akachimbua, akamimina tena. Mpini ulitoka kwenye fungu la mwisho la mbao za ng'ambo lililobaki darini. Safari hii hakuniomba nimsomee. Mara mbili nilijitolea, mara mbili akasema mpini huu anausoma mwenyewe. Niliumia kidogo, na pia niliogopa. Jumamosi alasiri aliitundika kwenye rafu, akaipangusa na kitambaa, akaenda zake. Mzee alikuwa aje Jumatatu.

Jumapili fundi alikuwa kanisani. Mimi nilikuwa na ufunguo, kwa sababu ilikuwa zamu yangu kufagia. Nilifagia, kisha nikaishusha ile fimbo niitazame vizuri, kwa jicho moja, kwenye mwanga wa mlango.

Mpini ulikuwa umepinda.

Niliuzungusha. Ulikuwa umepinda chini ya mshiko, kushoto, kama upinde wa mtoto. Nikaisimamisha fimbo juu ya meza. Unyayo haukukaa, kidole kilinyanyuka kwa unene wa senti mbili zilizobebana. Nikajua, au nilidhani najua, kwamba jambo tulilokuwa tukiliogopa limefika: macho yake yameishinda mikono. Kesho mzee angeiona hiyo fimbo mpya iliyopinda, angemwonyesha msimamizi, na msimamizi angeuliza fundi gani asiyeona kitu kama hiki.

Bado nilikuwa na kisanduku changu cha hesabu cha shule. Nilikiweka karakana kwa ajili ya vibandiko, rula nilikuwa naitumia, bikari ilikuwa ya kutobolea ngozi. Nikatoa kipima pembe. Nikachemsha maji kwenye sufuria ya gundi, nikaushikilia mpini juu ya mvuke mpaka ukalegea, nikaubana kwenye jiliwa kati ya vipande viwili vya ubao, nikaungoja upoe. Nilipiga unyayo randa, uzi kwa uzi, mpaka fimbo ikakaa mezani kama kitabu. Nikapaka mafuta ya kitani mahali pote nilipogusa. Nilipima kila pembe mara tatu. Ilikuwa nzuri mno. Sijawahi kutengeneza kitu kilichonyooka kama kile, kabla wala baada. Nilifunga mlango nikamshukuru Mungu kwamba nilisoma.

Jumatatu askari walikuwa wakikagua karatasi barabarani, na fundi akachelewa. Mzee wa Kizungu hakuchelewa. Mimi ndiye niliyemkabidhi fimbo. Aliipokea kwa mkono wa kulia, akaitazama, nyusi zikapanda kidogo. Akasema ni nzuri kwa macho. Kisha akaenda nayo kwenye grini ya mazoezi, mimi nikachukua ufagio wa umande ili nipate sababu ya kusimama karibu.

Jua lilikuwa limetoka. Nyasi za grini ile zililala kuelekea bondeni. Mpira ukienda upande zilikolala hukimbia, ukienda kinyume huchoka mapema. Yeye alizijua kuliko mtu yeyote. Aliweka mipira minne kwa mstari, akatoa mkono wa kushoto mfukoni, akaushika mpini.

Hapo ndipo nilipouona ule mkono kwa mara ya kwanza, ingawa nilikuwa nimeuona mara mia. Kifundo chake kilikuwa kimegeuka nje. Ili viganja viwili vikutane kwenye mpini, ilibidi mpini umfuate yeye. Mpini wangu haukumfuata. Alijikunja bega, akainua kiwiko, akajaribu kulaza unyayo chini, na fimbo nzima ikageuka uso.

Mpira wa kwanza ulipita kulia kwa shimo. Wa pili ulipita kulia. Wa tatu na wa nne vile vile, na yote minne ikasimama pamoja upande wa mbali, imekaribiana kama mayai. Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alibadilisha akachukua ile kuukuu iliyopasuka, akapiga mmoja, ukaingia, nao mlio wake ulikuwa mzito na mpole, kama mtu anayeweka kikombe juu ya kitambaa.

Fundi alifika tukiwa tumesharudi dukani. Msimamizi alikuwa ameziweka fimbo zote mbili juu ya kaunta. Mzee alieleza kwa upole kwamba labda hakujieleza vizuri. Alitaka ifanane na ile ya zamani, na hii haifanani. Fundi akanyoosha mkono, akapewa mpya. Vidole vyake viliteremka polepole kutoka kwenye ngozi, vikafika pale chini ya mshiko, vikasimama. Vikarudi juu kidogo, vikashuka tena. Kisha akageuza uso kuelekea nilikosimama. Sijui aliona nini. Pengine shati.

"Ni kazi yangu," akasema.

Msimamizi akasema, kwa Kiswahili chake cha amri, kwamba hata mtoto anaona moja imepinda na nyingine imenyooka. Kisha nilimwona akianza kufikiri. Akaichukua fimbo kutoka mikononi mwa fundi, akaziweka zote mbili tena juu ya kaunta, akazibadilisha mahali. Akamwambia amwonyeshe ya zamani ni ipi.

Fundi akanyoosha mkono.

"Usiguse. Onyesha tu."

Mzee wa Kizungu alisema jambo kwa Kiingereza, nadhani aliomba mambo yaachwe. Fundi alikaa na mkono wake hewani, kidole kimetangulia. Nilijua neno moja kutoka kwangu lingetosha. Ningesema mimi ndiye niliyeinyoosha, maswali yangenigeukia, na macho yake yangesahauliwa angalau siku ile. Nilikuwa na neno hilo mdomoni, na mfukoni nilikuwa na karatasi ya kazi. Kidole chake kikaenda kushoto, kwenye fimbo mpya.

Siku ya tatu baada ya fundi kufukuzwa, nilimbebea sanduku la vifaa mpaka kituo cha magari ya Machakos, kule chini mjini. Alitembea akiwa ameshika ncha ya sanduku, mimi mbele. Tukalitua.

"Ulipimia nini?" akaniuliza.

"Kipima pembe. Cha shule."

"Nilijua. Hata kwa kidole nilijua ni sawa kabisa." Akaligeukia sanduku. "Na mkono wake, uliupima?"

Nikamwambia nilidhani amekosea. Nikamwambia nilitaka kumsaidia, na kwamba bado naweza kurudi niseme ni mimi.

"Useme, tufukuzwe wawili. Na macho yatarudi?"

Watu walikuwa wakipandisha mizigo juu ya gari. Aliuliza kama ni lenyewe, na ni la rangi gani. Nikamwambia ni la kijani, lina mstari mweupe ubavuni. Akasema vizuri, akaninyooshea mkono kuagana, kisha akapapasa chuma cha mlango akapanda. Aliniuliza rangi ya gari mtu aliyekuwa amepoteza kila kitu kwa sababu ya macho yangu, na akaniamini tena.

Nilipewa jiliwa yake. Nilijaribu kumtengenezea mzee wa Kizungu fimbo nyingine, iliyopinda safari hii, lakini upindo niliokuwa nao ulikuwa wa kutazamwa tu. Kipimo chenyewe kilikuwa kimeondoka na vidole vya fundi. Fimbo kuukuu ilipasuka kabisa kabla mvua hazijaanza. Mzee akaacha kucheza, akawa anakuja kunywa chai na kutazama wenzake. Ile niliyoinyoosha hakuichukua. Ikabaki kwenye rafu, na nilipoacha kazi, haukupita mwaka, niliondoka nayo na hakuna aliyeuliza.

Tangu hapo sijakaa mahali. Nimefanya kazi Kitale, Jinja, Moshi, Mombasa, na kila mji niliuacha kabla haujanizoea. Sasa nina miaka arobaini na kitu na nimepanga mtaa wa Satellite, Nairobi, mwendo mfupi tu kutoka mabonde niliyokuwa nikiyapita na viatu mkononi. Kahawa imekatwa, nyumba zimejaa. Fimbo iko nyuma ya mlango. Siku nyingine huishusha nikasukuma mpira mkuukuu kwenye sakafu ya saruji mpaka ukutani. Unakwenda moja kwa moja, hauruki, haukengeuki. Mzeituni bado unanukia ukiusugua. Haina kosa hata moja, na hakuna mtu duniani iliyotengenezwa kwa ajili yake.

Machakos ni safari ya asubuhi moja. Nimefika miji niliyoitaja, na mingine ambayo sikuitaja. Mara mbili nimeshuka mpaka kituoni nikiwa na fimbo nimeiviringisha kwenye gazeti, nikitaka nimwekee fundi mikononi, anionyeshe kwa kidole chake inapaswa kupinda wapi na kwa kiasi gani. Mara zote mbili nilisimama nikitazama watu wakipanda. Magari ya kijani hayapo tena, sasa ni ya buluu. Gari likaondoka, nikarudi na gazeti langu.